Amepita, Mmoja, Hana Sauti

Kwa miaka kumi na minane Bernadeta Ligoha amekuwa mlinzi wa uwanja wa ndege ambao haumo kwenye tiketi ya mtu yeyote. Ni kipande cha majani kilichonyooka, mita mia nane, nje kidogo ya Mofu, upande unaoelekea mto Kilombero. Jengo la abiria halipo. Lipo banda la bati lenye chumba kimoja, nguzo yenye soksi ya upepo, na mapipa sita yaliyopakwa chokaa. Zinazotua hapo ni ndege ndogo: za madaktari mara moja moja, za watu wa wanyamapori wakati wa kiangazi, na za wageni wanaosema wamekuja kuangalia ardhi na hawasemi zaidi ya hapo.

Kijijini wanamwita Mama Levina, kwa jina la binti yake mkubwa aliyeolewa Idete. Ana miaka hamsini na tisa. Alizaliwa upande wa Mahenge, akateremka bondeni akiwa bibi harusi wa Anselim, mlinzi wa kwanza wa uwanja huo. Anselim alipofariki, kazi ilibaki mikononi mwa mjane kwa sababu hakuna mwingine aliyeijua. Kazi yenyewe, ukiitazama kwa mbali, ni kufukuza. Anafukuza ng'ombe wa Wasukuma, ambao wameyapenda majani mafupi ya uwanja kuliko majani mengine yote ya bonde. Anafukuza korongo na mwari, ndege wakubwa wa mtoni. Anafukuza bodaboda wanaokuja kushindana mbio.

Ukiitazama kwa karibu, kazi ni daftari.

Anselim alimwachia mkewe madaftari makubwa manne yaliyojaa na moja lililofika katikati, pamoja na namna yake ya kuandika. Kiswahili kimewapa kiumbe na mashine jina moja, na kwenye uwanja kama ule wote wawili hutua. Anselim aliona kuandika neno "ndege" kwenye kila mstari ni kupoteza wino, akaliondoa, akabakiza kitenzi peke yake. "Imetua" ni mashine. "Ametua" ni mwenye manyoya. Ukifungua ukurasa wowote utakuta mistari kama hii: Saa 3:10 imetua. Saa 3:40 imeruka. Saa 10 wametua wengi, nimewafukuza. Marubani wanaoufahamu uwanja hulisoma daftari kabla ya kuwasha injini, maana mwari mmoja anatosha kuvunja kioo cha mbele. Hawahangaiki na mstari mzima. Wanatazama herufi ya kwanza ya kitenzi, na herufi hiyo imewaambia.

Jumanne moja ya katikati ya Julai, Mama Levina aliandika hivi: Saa 1:20 asubuhi. Amepita. Mmoja. Juu ya mto. Hana sauti. Chini yake akaandika: Imepita, ya Aikande. Haikutua.

Aikande ni rubani. Ana miaka thelathini na minne, ni mwenyeji wa Kilimanjaro, na kwa misimu mitano ndiye aliyekuwa akiendesha ndege ya mradi wa kuhesabu wanyama bondeni, hasa sheshe, yule swala mwekundu wa mbuga za Kilombero. Kila akitua Mofu humwamkia Mama Levina kabla ya kumsalimu mtu mwingine, kisha hukaa naye kizingitini mwa banda wakila wali na samaki. Msimu wa tatu alimletea miwani ya kusomea kutoka Dar es Salaam, kwa sababu aliona herufi za daftari zimeanza kupanda juu ya mstari. Aliiweka juu ya daftari, akaenda kukagua magurudumu.

Asubuhi hiyo ya Julai Aikande alikuwa peke yake angani. Alikuwa ametangulia kupima ukungu kabla ya kuja Mofu kuwachukua wahesabuji. Hakuja. Aliacha njia aliyopangiwa kwa dakika kumi na moja, akarudi Ifakara, akatua salama, na mbele ya mwajiri wake akasema kwamba amekutana na chombo asichokijua juu ya mto. Rada hazikuwa zimeona kitu. Mwajiri alitaka kujua zaidi habari za zile dakika kumi na moja: rubani alisinzia, au alitua mahali kwa siri, na kama alitua, alipakia nini? Leseni ya Aikande ikachukuliwa, akaagizwa akae Dar es Salaam, simu azime, asiongee na mtu mpaka uchunguzi uishe. Na kwa kuwa kitu kisichojulikana kikitajwa kwenye anga ya nchi hufuatwa na jeshi, uchunguzi ukapewa jeshi.

Wiki tatu baadaye gari la kijani lilisimama mbele ya banda la bati. Aliteremka Meja Obed Mwaseba, mtu wa makamo, mwembamba, aliyenyoa vizuri. Nyuma yake alikuwa Koplo Rosemery, amekumbatia kompyuta ndogo kama mtoto mchanga. Alikuwapo pia Beatus, aliyeajiriwa na mradi kusimamia uwanja, amevaa shati la mikono mirefu kwenye joto lile, dalili kwamba aliichukulia siku hiyo kwa uzito.

"Shikamoo, afande," Mama Levina akasema, maana sare ni sare.

"Mama, unanionea. Mimi ndiye wa kukuamkia. Shikamoo."

"Marahaba. Nilitaka kuona kama jeshini bado wanafundisha."

Koplo alicheka, kisha akageuza kicheko kuwa kikohozi.

Waliingia ndani. Palikuwa na meza moja na viti viwili. Beatus alisimama mlangoni. Meja alitoa karatasi iliyopigwa chapa na kugongwa mihuri miwili, akaisogeza mezani pamoja na kalamu. Alieleza kwamba ni nakala ya ukurasa wa daftari, aliyoiandaa Beatus na kuituma makao makuu. Kilichobaki ni sahihi ya shahidi. Dakika tano, akasema, halafu wataacha watu wafanye kazi zao.

Mama Levina alivaa miwani. Alisoma taratibu, midomo ikicheza. Kisha akaisukuma karatasi nyuma.

"Hii si yangu."

"Si yako kivipi?"

"Hapa imeandikwa, 'Imepita ndege moja juu ya mto. Haikuwa na sauti.' Mimi sikuandika imepita. Niliandika amepita."

Beatus alisogea. "Mama, ni kitu kile kile. Yule dada wa steshenari alisahihisha makosa ya kisarufi tu wakati wa kuchapa."

"Makosa ya nani?"

"Ya... ya daftari."

"Daftari lina miaka thelathini na moja. Likosolewe na mtu wa kutoa fotokopi?"

"Mama, mimi mwenyewe nilimwambia aweke Kiswahili fasaha. Linakwenda kwa wakubwa."

"Na mimi nilikuwa nawaandikia wadogo?"

Meja aliinua mkono kidogo, Beatus akanyamaza. Aliomba aone daftari lenyewe. Mama Levina alilifungua, akamwonyesha mstari, akamweleza namna ya Anselim: i kwa mashine, a kwa mwenye uhai. Meja alirudisha kurasa nyuma, kumi, ishirini, akizipitisha kwa kidole kama mhasibu. Alikuwa mtu wa kupima. Alipomaliza aliegemea kiti, akaweka mambo wazi bila kupandisha wala kushusha sauti.

"Mama, nisikilize vizuri. Ukisaini hii karatasi, maana yake mtu wa pili ameona chombo angani siku ile, saa ile, mahali pale. Rubani anakuwa ameacha njia kwa sababu ya chombo. Anarudishiwa leseni, na mimi naendelea kutafuta hicho chombo ni cha nani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Ukisema amepita, kwa daftari lako wewe mwenyewe, ulimwona ndege wa manyoya. Basi rubani aliacha njia dakika kumi na moja akimfukuza mwari, halafu akaja kuripoti chombo cha ajabu. Mtu wa namna hiyo harudishwi angani. Faili linafungwa leo."

"Kwa herufi moja."

"Kwa herufi moja. Mimi sina shahidi mwingine."

Meja aliomba atoke nje apokee simu, na Koplo akamfuata. Hapo Beatus akavuta kiti, akakaa karibu, akashusha sauti ingawa hapakuwa na wa kumsikia.

"Mama Levina, tafadhali. Weka sahihi, watu waondoke. Unataka kumkata mbawa binti wa watu kwa ajili ya sarufi?"

"Si sarufi, Beatus."

"Sasa ni nini? Wewe si ndiye unayemwita mwanangu? Amekuletea mpaka macho, hayo hapo puani. Leo anahitaji herufi moja tu na wewe unambania."

Alitazama kalamu. Aikande alikuwa na wazazi wazee huko kwao na hakuwa na kazi nyingine aliyoijua. Aliwahi kusema kwamba akiwa chini ya mita mia tatu juu ya bonde, asubuhi, hajali kama amekula. Kila jioni kwa wiki tatu Mama Levina alikuwa amepiga namba yake, na kila jioni sauti ya mwanamke wa mtandao ilimjibu kwamba haipatikani. Mkono wake ulikwenda mpaka kwenye kalamu, ukaishika. Karatasi ilikuwa mbele yake. Ilikuwa ni kuandika jina, jambo ambalo amelifanya maelfu ya mara.

Lakini akiandika jina chini ya neno lile, alichokiona kingekuwa hakikuonwa na mtu. Alikuwa peke yake pale uwanjani. Kama yeye angekubali kwamba ni mashine, basi duniani pasingebaki mahali popote palipoandikwa kilichotokea.

Meja aliporudi, kalamu ilikuwa imelala mezani.

"Andika upya," Mama Levina akasema. "Nitaeleza mwanzo mpaka mwisho. Na usinisahihishe."

Koplo Rosemery alifungua kompyuta.

"Hakuwa ndege wa manyoya," alianza. "Hilo liandike kwanza. Mwari namjua, korongo namjua, tai namjua. Na msije mkasema ni macho. Miwani ni ya kusomea. Ya mbali naona mpaka kwato."

Asubuhi ile, akasema, ukungu ulikuwa umelala bondeni kama unavyolala Julai, mzito, umefunika mto na mabua ya mpunga uliokwisha kuvunwa, ukawafikia ng'ombe magotini. Jua lilikuwa limetoka lakini halijapata nguvu. Ng'ombe kama arobaini walikuwa uwanjani, naye alikuwa akiwaendea na fimbo, akipanga maneno ya kuwaambia. Akaona hawamtazami. Ng'ombe anayemwona mtu na fimbo huinua kichwa. Hawa wote walikuwa wamegeukia mtoni, na wote walikuwa wameacha kutafuna.

"Afande, umewahi kusikia ng'ombe arobaini wameacha kutafuna? Hujui kwamba ile ni sauti mpaka iishe."

Naye akageuka.

"Alikuwa juu ya mto. Si juu sana, kimo cha mnara wa simu. Mrefu kama kanisa, kama kanisa lingelazwa ubavu. Mweupe, lakini si weupe wa kupakwa. Ukichukua punje ya mchele mpya ukaiinua kwenye mwanga, unaona kama ina maji ndani. Weupe ule. Hana mbawa, hana mkia, hana dirisha."

"Mwendo?" Meja aliuliza.

"Wa mtu anayetembea na hana haraka. Alikuwa anafuata mto. Hakukata kona hata moja. Mto ukipinda, anapinda. Unajua mto wetu unavyopinda, unakwenda na kurudi kama umesahau kitu. Alipinda nao kote. Na ukungu chini yake ulikuwa unafunguka taratibu, akipita unajifunga. Haukurushwa. Ndege ya injini ikipita chini hivyo ukungu unatimka. Huu ulikuwa kama unamfungulia mlango."

Beatus alikuwa amesahau kusimama wima. Alikuwa ameegemea fremu ya mlango. Nje, soksi ya upepo ilining'inia bila kutikisika.

"Yangeyange walikuwa mgongoni mwa ng'ombe. Hakuruka hata mmoja. Yangeyange wale huruka nikipiga chafya."

"Uliogopa, mama?" Koplo aliuliza. Halikuwa swali la kwenye fomu, na Meja alimtazama, lakini hakumzuia.

"Hapana. Nilikuja kuona baadaye kwamba fimbo nimeiweka chini. Sikuidondosha. Niliiweka, kama unavyoweka mzigo mlangoni mwa kanisa. Sikumbuki kuinama."

Kisha ikaja ndege ya Aikande. Aliisikia kabla ya kuiona, kutoka upande wa Ifakara, ikiruka chini chini juu ya ukungu kama wanavyofanya wakati wa kuhesabu. Ilikuwa inaufuata mto ikija. Yule mweupe alikuwa anaufuata mto akienda. Mahali mto unaponyooka mbele ya uwanja, wakakutana uso kwa uso, njia moja, kimo kimoja.

Hapa Mama Levina alivua miwani, akaikunja.

"Nyinyi mmetoka mijini, sijui kama mnalima mpunga. Sisi tunatembea juu ya matuta ya majaruba. Tuta ni jembamba, mtu mmoja tu. Wawili wakikutana, mmoja lazima ateremke majini. Anayeteremka ni yule asiye na mzigo. Haijalishi ni mzee au mtoto, ni tajiri au nani. Ukiwa mikono mitupu na mwenzako ana gunia kichwani, unateremka mwenyewe, unasimama kwenye tope, unangoja. Hakuna anayekuambia. Akishapita, unapanda tena kwenye tuta lile lile, unaendelea na safari yako."

"Naam," Meja akasema.

"Basi alisimama. Hakupunguza mwendo, alisimama kabisa, pale pale hewani. Halafu akateremka. Akaingia kwenye ukungu mpaka nikawa naona mgongo tu. Ndege ikapita juu yake, na nilimwona anangoja. Ikapita yote, na mkia wake, na kelele zake. Ndipo akapanda. Akarudi kwenye njia ile ile, kimo kile kile, akaendelea kuufuata mto kuelekea upande wa Ifakara, kona kwa kona, mpaka nikamkosa. Aikande akageuza, akazunguka, akazunguka, anatafuta. Ndizo dakika zako hizo kumi na moja. Lakini alikuwa ameshakwenda."

Bati lilialika kwa joto.

"Sasa niambie, afande. Mashine inaona kwamba mwenzake ana mzigo? Gari lisilo na mtu linakupisha? Sijui ni nani na sijui ametoka wapi. Najua alimpisha. Ndiyo maana niliandika a, na sitaifuta."

Koplo Rosemery alikuwa ameacha kuandika. Vidole vyake vilikuwa juu ya vitufe, havibonyezi. Alimgeukia mkubwa wake.

"Afande," akasema taratibu. "Ile rekodi ya redio."

"Naijua."

"Dakika ya pili, afande."

Meja Mwaseba akamwuliza Mama Levina, kwa sauti ambayo sasa ilikuwa ya uangalifu mno, kama tangu Jumanne ile aliwahi kuongea na Kapteni Aikande, kwa simu, kwa ujumbe, kwa kupitia mtu. Mama Levina akatoa simu yake ndogo ya vitufe, akaiweka mezani mbele yake. "Tazama mwenyewe. Nimepiga kila siku. Angalia kama nimejibiwa hata mara moja." Meja aliangalia. Zilikuwa simu ishirini na mbili, zote zimekwenda, hakuna iliyopokelewa.

"Cheza," akamwambia Koplo.

Rekodi ilikuwa na mngurumo wa injini, mikwaruzo, na katikati yake sauti ya Aikande akiongea na mnara wa kuongozea ndege. Mwanzoni ilikuwa sauti ya kazi, namba na majina ya vituo. Kisha ikakatika. Kisha ikarudi, imebadilika, nyembamba, ya mtu anayeongea bila kuchagua maneno. Ilisema neno moja, kikapita kimya cha kupumua mara mbili, ikasema neno la pili.

Kwenye karatasi za Meja maneno hayo yalikuwa yameandikwa: Imenipita. Ahsante.

"Rudia," Meja akasema.

Koplo alirudia. Mara ya tatu Beatus alikuwa ameshaingia ndani kabisa, ameinama juu ya meza na wengine, bega lake limegusa bega la Meja na hakuna aliyejali. Mara ya nne hakukuwa na haja, lakini waliisikiliza.

"Amenipisha," Koplo akasema.

"Amenipisha. Ahsante," Meja akarudia. Alichukua kalamu, akakata mstari mmoja kwenye karatasi yake na kuandika juu yake kwa herufi ndogo. "Hii niliinukuu mimi mwenyewe. Niliisikia hivyo hivyo mara ya kwanza, nikajiambia haiwezekani, mtu hapishwi na kitu. Nikaandika kinachowezekana."

"Na hiyo ahsante?" Beatus aliuliza.

"Nilidhani anamshukuru mtu wa mnarani. Hata wa mnarani alidhani hivyo. Alimjibu 'karibu'."

Hakuna aliyecheka, ingawa lilikuwa neno la kuchekesha.

Meja akatoa simu yake, akapiga namba nyingine, ambayo rubani aliachiwa kwa ajili ya uchunguzi tu. Aliiweka mezani, sauti juu. Iliita mara mbili.

"Kapteni Aikande, Meja Mwaseba hapa. Nina swali moja. Kwenye redio ulisema nini, imenipita au amenipisha?"

Kulisikika magari upande wa pili, na mlango ukifungwa.

"Nani amekuambia?" Aikande akauliza.

"Jibu swali, Kapteni."

"Nilisema amenipisha." Sauti ilikuwa imekauka. "Siku ya mahojiano ulinisomea 'imenipita', afande, nikanyamaza. Ningesema nini? Kwamba nimekutana na kitu hewani kikaniteremkia? Mngenipeleka hospitali, si mahakamani. Nilijiambia afadhali ibaki imenipita, angalau ni lugha ya watu wenye akili timamu."

"Kuna shahidi aliyekuwa chini. Hamjaongea, nimehakikisha. Ametumia neno lile lile." Meja aliitafuta sentensi yake kama mtu anayetafuta mahali pa kukanyaga. "Ripoti inaondoka leo. Itasema kwamba watu wawili, mmoja juu na mmoja ardhini, wameona jambo moja na kulieleza kwa namna moja, na kwamba rubani alikuwa macho na mwangalifu. Ninapendekeza urudi angani. Kwa mambo ya namna hii wanaopokea mapendekezo yangu hawajawahi kuyakataa."

Aikande akauliza, kwa sauti ndogo, kama shahidi huyo ni Mama Levina wa Mofu. Meja akaisukuma simu kuvuka meza.

"Mwanangu," Mama Levina akasema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo." Ikapita pumzi. "Mama, na wewe ulimwona?"

"Nilimwona."

"Alipoteremka?"

"Alipoteremka, na alipongoja, na alipopanda. Nilimwona mpaka mwisho."

Simu ilibaki wazi mezani, tarakimu za sekunde zikibadilika kwenye kioo chake, wanawake wawili wakisikilizana wakipumua, mmoja Mofu na mmoja Dar es Salaam. Beatus alitazama sakafu. Koplo Rosemery alifuta mstari wa mwisho kwenye kompyuta, alioanza kwa i, akauandika upya kwa a. Meja Mwaseba alikuwa na fomu mbele yake yenye kisanduku kinachouliza aina ya chombo, na chini yake machaguo matano yaliyochapwa tayari. Aliyasoma yote, la kwanza mpaka la tano. Kisha akafunika kalamu yake, akasimama taratibu asije akakatiza ule ukimya, akatoka nje kwenye majani na kusimama ameelekea mtoni.